Mimba ya miezi saba mpaka tisa: mambo ya kutazamia, alama za hatari na matayarisho ya familia mu Bukavu

Mama mwenye mimba ya miezi saba anayeishi juu kule Cimpunda ao Nyamugo, mu komini ya Kadutu, anajua vizuri uzito wa ngazi. Kwenda ku soko ni kushuka, kurudi ni kupanda. Mbele alikuwa anapanda bila kusimama. Sasa anasimama mara tatu, anashika kiuno, anatafuta pumzi. Majirani wanamuambia: "Mimba si ugonjwa." Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini miezi mitatu ya mwisho njo wakati mwili unabeba muzigo mukubwa zaidi, na njo wakati hatari nyingi zinajionyesha. Mama na familia yake wakijua nini ni ya kawaida na nini si ya kawaida, hawatapoteza saa za bure siku ile kila dakika ina maana.

Mu Kongo jambo hili si la kucheza nalo. Uchunguzi wa taifa juu ya afya ya watu, uliofanywa mu 2013 na 2014, ulionyesha kwamba ku watoto 100.000 wanaozaliwa wazima, mama 846 walikuwa wanakufa juu ya mimba ao kuzaa. Wengi kati ya hao wanakufa kwa mambo yanayojulikana na yenye dawa: damu kutoka sana, tansio kupanda, maambukizo, na uchungu wa kuzaa unaodumu kupita kiasi.

Miezi mitatu ya mwisho inahesabiwa namna gani?

Waganga wanahesabu mimba kwa majuma, kuanzia siku ya kwanza ya mwezi (siku za mama) wa mwisho. Sehemu ya tatu ya mimba inaanza ku juma la 28 na inaenda mpaka ku juma la 40. Mutoto akizaliwa mbele ya juma la 37, anaitwa mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati. Juma la 41 likifika bila uchungu, mama asikae nyumba kungojea: aende ku hospitali wamupime, sababu kondo la nyuma linaweza kuanza kuchoka, na munganga anaweza kuamua kuanzisha uchungu.

Ku juma la 28 mutoto ana uzito wa karibu kilo moja. Ku mwisho wa mimba, wengi wanafika karibu kilo tatu. Ni kusema kwamba mu majuma haya 12 mutoto anaongeza uzito mara tatu. Mapafu yake yanakomaa, anaweka mafuta chini ya ngozi, ubongo wake unakua mbio. Karibu na juma la 36, watoto wengi wanageuka na kuweka kichwa chini. Wachache, karibu watatu ao wanne ku mia moja, wanabaki na matako chini mpaka mwisho. Mama wa namna hiyo hapaswi kuzalia nyumbani wala ku kituo kidogo kisichoweza kupasua; anapaswa kujua mapema ni hospitali gani itamupokea.

Mambo ya kawaida mu mwili

Mama anaweza kusikia mambo mengi ambayo yanamusumbua lakini si hatari:

Pumzi inakuwa fupi, sababu tumbo linasukuma mapafu juu. Kiungulia kinaongezeka, zaidi akilala kisha kula. Kula kidogo kidogo mara nyingi kunasaidia kuliko kula sahani kubwa ya bugali mara moja usiku. Kukojoa kunakuwa mara kwa mara, sababu kichwa cha mutoto kinakandamiza kibofu. Lakini kama kukojoa kunachoma, hiyo si kawaida. Ni lazima kupima mukojo.

Mugongo na kiuno vinauma. Miguu inavimba mangaribi, kisha inapungua asubuhi. Choo kinakuwa kigumu. Maji ya kunywa ya kutosha, papai na mboga vinasaidia. Usingizi unakatika. Matiti yanaweza kutoa maji mazito ya manjano; hayo njo maziwa ya kwanza, yanajitayarisha.

Tumbo pia linaweza kukaza kwa muda mufupi, kisha linaachia. Mama wengi wanafikiri uchungu umeanza. Kukaza kwa kawaida hakufwati saa: kunakuja, kunapotea, na mama akitembea kidogo ao akipumzika kunatulia. Uchungu wa kweli hautulii. Unarudi kwa mupango, unakaribiana, unazidi nguvu, mara nyingi unaanzia mugongoni na kuzunguka mbele.

Juu ya kulala, kuanzia juma la 28 ni bora kulala kwa upande, wa kushoto ao wa kuume, kuliko kulala kwa mugongo. Mama akilala kwa mugongo, tumbo linakandamiza mushipa mukubwa wa damu na mutoto anapata hewa kidogo. Akiamuka usiku na kujikuta kwa mugongo, asiogope; ageuke tu kwa upande.

Mutoto anacheza ao hapana?

Kila mutoto ana saa zake za kucheza. Wengine wanapiga mateke sana usiku, wengine kisha mama kula. Mama mwenyewe njo anajua desturi ya mutoto wake, kuliko ekografi na kuliko munganga. Wengi wanasema kwamba ku mwisho mutoto anapunguza kucheza juu nafasi imekuwa ndogo. Hiyo si kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, inakuwa kama kujigeuza kuliko kupiga teke, lakini mutoto hapaswi kunyamaza.

Kama mama anaona mutoto amepunguza sana kucheza, ao hajamusikia tangu asubuhi, asingojee CPN ya juma kesho. Aende siku ile ile ku kituo cha afya wasikilize roho ya mutoto.

CPN: sababu gani kurudi mara nyingi?

Mama wengi mu Bukavu wanaenda CPN mara moja ao mbili, wanapata kikaratasi, kisha wanangojea uchungu. Tangu 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linashauri mama aonane na muuguzi mara nane hivi mu mimba nzima. Kati ya hizo mara nane, tano ziko mu sehemu ya mwisho: juma la 30, la 34, la 36, la 38 na la 40. Si kwa kupenda makaratasi. Ni sababu tansio inaweza kuwa muzuri ku juma la 30 na kuwa mbaya sana ku juma la 34, na mama asisikie kitu.

Ku CPN ya miezi ya mwisho, mama anapaswa kupata mambo haya, na ana haki ya kuuliza kama hayakufanywa:

Kupima tansio kila mara. Ikifika 140 ku 90 ao kupita, ni lazima kufwatilia karibu. Kupima mukojo kwa kutafuta protini na maambukizo. Kupima tumbo kwa kujua urefu wake, namna mutoto amelala, na kusikiliza roho yake. Kupima damu: chini ya gramu 11 ni upungufu wa damu, chini ya 7 ni upungufu mubaya unaohitaji hospitali.

Dawa ya kukinga malaria, ile wengi wanaita Fansidar: vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa ine, na kurudilia kila CPN alimuradi mwezi mumoja umepita. Mama anapaswa kupata angalau mara tatu mbele ya kuzaa. Mama anayekunywa Bactrim kila siku juu ya virusi vya ukimwi hapewi Fansidar, amwambie muuguzi. Chandarua chenye dawa kinabaki cha lazima kila usiku, hata kwa mama aliyekunywa hizo dawa zote.

Vidonge vya chuma na asidi foliki vya kila siku. Vinaweza kufanya choo kuwa cheusi. Hiyo haina shida. Chanjo ya tetanosi: kama mama hajawahi kuchanjwa, anahitaji angalau mara mbili, na ya pili iwe juma mbili ao zaidi mbele ya kuzaa. Kupima virusi vya ukimwi na kaswende. Mama mwenye virusi akikunywa dawa vizuri, mutoto anaweza kuzaliwa bila virusi. Baba pia anaalikwa kupimwa; si kazi ya mama peke yake.

Chakula: kile kiko soko kinatosha

Hakuna lazima ya chakula cha bei kali. Ku soko ya Kadutu ao Nyawera kuko vyakula vinavyojenga damu na mwili: sambaza za ziwa Kivu, maharagi, soja, karanga, mayai, lengalenga, sombe, avoka, papai. Mama aongeze mulo mumoja mudogo ku ile alizoea. Sambaza zikaushwe ao zipikwe vizuri, zinaliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo inatoa kalsiamu.

Desturi fulani zinakataza mama kula mayai ao samaki, eti mutoto atakuwa mukubwa sana ao atakuwa na tabia mbaya. Hakuna ukweli ndani. Mutoto anashindwa kupita juu ya nyonga nyembamba ao namna amelala, si juu ya yai.

Kula udongo, jambo ambalo mama wengi wanatamani, kunazuia chuma kuingia mu damu na kunaweza kuleta minyoo. Tamaa hiyo yenyewe mara nyingi inaonyesha kwamba damu iko kidogo. Dawa yake ni kupima damu na kumeza vidonge vya chuma. Pombe, hata kasiksi ao bia "kwa kuongeza damu", haiongezi damu. Inafika kwa mutoto moja kwa moja.

Alama za hatari: kwenda siku ile ile

Familia yote, si mama peke yake, inapaswa kujua alama hizi kwa kichwa. Moja tu inatosha kwa kutoka nyumbani:

Damu kutoka ku njia ya uzazi. Hata kama haiumi. Damu isiyouma inaweza kuonyesha kwamba kondo la nyuma limefunga njia. Damu yenye maumivu na tumbo kukaza kama jiwe inaweza kuonyesha kwamba kondo limeanza kubanduka. Mama wa namna hiyo asipimwe kwa vidole na mutu yeyote nyumbani.

Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona giza ao nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba gafula. Hizi ni alama za tansio ya mimba. Ikiachwa, inaleta kifafa cha mimba, mama anatetemeka na kupoteza fahamu. Mu familia fulani watu wanasema ni pepo ao ulozi, wanaanza maombi ao wanatafuta mufumu. Saa zinapita. Ku hospitali kuko sindano ya manyezi (sulfati ya manyeziumu) inayozuia kifafa hicho, na dawa za kushusha tansio. Maombi yanaweza kufanywa mu gari njiani.

Homa. Malaria ya mimba inaweza kuleta mutoto mbele ya wakati ao kumuua tumboni. Apimwe, apate dawa ya kweli, si vidonge viwili vya kununua ku farmasi ya pembeni.

Maji kutoka mbele ya uchungu. Mama aangalie rangi. Maji ya kijani ao yenye kunuka ni haraka zaidi.

Mutoto kuacha kucheza. Uchungu kuanza mbele ya juma la 37: mama akifika mapema, hospitali inaweza kumupatia sindano zinazosaidia mapafu ya mutoto kukomaa.

Vipele vyenye maji pamoja na homa. Tangu Septemba 2023 Kivu ya Kusini inajua mpox, iliyoanzia Kamituga na kufika Bukavu. Kwa mama mwenye mimba ugonjwa huo unaweza kuua mutoto tumboni. Apelekwe ku kituo bila kufichwa, na watu wa nyumba waepuke kugusa vipele ao kutumia kikwembe kimoja naye.

Juu ya dawa za miti za kuharakisha uchungu

Mama mukwe ao jirani anaweza kuleta chupa: "Kunywa, utazaa mbio." Dawa fulani za miti zinafanya kizazi kukaza kwa nguvu sana bila kipimo. Kama mutoto hawezi kupita, kizazi kinaweza kupasuka, na hapo mama na mutoto wote wako mu hatari ya kifo. Hata hospitali, wakiwa na dawa ya kuongeza uchungu, wanaitoa tone kwa tone na wanakaa karibu na mama. Kama mama amekwisha kunywa, amwambie mukunga bila haya. Mukunga mwema hatamugombeza. Atajua namna ya kumuchunga.

Uchungu unaodumu siku mbili nyumbani unaacha pia kidonda kingine: fistula, tundu linalofanya mama avuje mukojo bila kujizuia. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mu 1999 na Dokta Denis Mukwege, inajulikana ulimwenguni kwa kutunza wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji. Lakini inashona pia fistula za kuzaa. Mukwege mwenyewe, mbele ya kupata zawadi ya Nobel ya Amani mu 2018, alichagua kazi ya uzazi kisha kuona ku Lemera mama wakifika wamechelewa.

Kuogopa kupasuliwa

Mama wengi wanachelewa sababu wanaogopa sezariene. Wanaogopa kisu, wanaogopa deni, na wanaogopa maneno ya watu: "Huyu hakujua kuzaa." Kupasuliwa si kushindwa. Kwa mutoto aliyelala kando, kwa kondo lililofunga njia, ni mulango peke yake wa kuokoa watu wawili. Mama aliyekwisha kupasuliwa mara moja anapaswa kuzalia ku hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama safari hii anatumaini kuzaa kwa njia ya kawaida.

Kuchelewa kwa namna tatu

Mama anayekufa akizaa, mara nyingi alichelewa ku moja kati ya nafasi tatu: familia ilichelewa kuamua, njia ilichelewesha, ao hospitali ilichelewa kumutunza. Ya tatu iko mu mikono ya waganga na viongozi. Mbili za kwanza, familia inaweza kuzipunguza mbele ya mwezi wa tisa.

Kwanza, nani anaamua? Kama bwana yuko ku machimbo ya Kamituga, Mwenga ao Shabunda, na simu haipiti, je mama atangojee? Baba aseme mapema, mbele ya mashahidi wa familia: "Alama ikionekana, muende, musiningojee." Neno hilo linaweza kuokoa muke wake.

Pili, njia. Mu sehemu nyingi za Kadutu na Bagira gari haifiki mulango. Usiku wa mvua, kati ya Septemba na Mei, ngazi zinateleza. Familia ichague vijana wanne wa jirani watakaobeba mama mpaka barabarani, na iandike namba za simu za wenye teksi wawili, si mumoja. Tangu M23 kuingia mu muji mu Februari 2025, kutembea usiku kunaogopesha zaidi. Kwa hiyo mama anayesikia uchungu mangaribi asingojee saa sita ya usiku; aende mapema, hata kama watamuambia bado. Wale wa Idjwi wanaovuka ziwa, na wale wa vijiji vya Kalehe, Walungu ao Kabare wanaobebwa na kipoyi, wakiwa na mimba ya hatari wakuje kukaa karibu na hospitali majuma mawili mbele.

Tatu, pesa. Mu Septemba 2023 Serikali ilianzisha mu Kinshasa mupango wa kuzaa bila kulipa, wenye kusudi la kufika mu majimbo yote. Mama asibahatishe: ku CPN ya mwezi wa saba aulize ku kituo chake nini inatolewa bure leo, nini inalipwa, na sezariene ni bei gani. Kisha familia iweke kidogo kidogo, mu likirimba ao mu mutuelle ya afya. Mama wengi wamezuiliwa ku maternite na mutoto mu mikono juu ya deni. Kuuliza bei mapema kunapunguza haya hiyo.

Tena, familia ijue kundi la damu la mama na itafute ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Ndugu wenye kukubali mapema hawakimbii siku ya haja.

Mufuko wa kuzaa

Ku juma la 36 mufuko uwe tayari nyuma ya mulango: kikaratasi cha CPN, vikwembe vitatu ao vine safi, nguo na kofia ya mutoto, sabuni, vitambaa vya damu, nguo ya ndani, beseni, kikombe, simu yenye muriba na pesa ya njia. Usiku wa Bukavu uko baridi. Blanketi ya mutoto si ya kusahau.

Siku ya kuzaa na saa za kwanza

Ute wenye damu kidogo, uchungu unaorudi kwa mupango, ao maji kupasuka: mama aende. Kwa mimba ya kwanza uchungu unaweza kuchukua saa 12 na zaidi. Kwa zinazofwata, mara nyingi unaenda mbio, zaidi kwa mama aliyezaa mara tano ao sita. Mama ana haki ya kuomba mutu mumoja wa kumusindikiza.

Kisha mutoto kutoka, mukunga anapiga mama sindano ya kuzuia damu. Mutoto anapanguswa, anawekwa kifua kwa kifua, na ananyonya mu saa ya kwanza. Maziwa ya manjano yasitupwe. Yanakinga mutoto kama chanjo. Mutoto mudogo sana abebwe ngozi kwa ngozi, ndani ya kikwembe, usiku na muchana. Joto la mama, ao la baba, linamukomaza. Mama abaki ku maternite angalau saa 24, sababu damu inaweza kutoka hata kisha kondo kutoka. Mbele ya kurudi nyumba, achukue cheti cha kuzaliwa cha maternite. Mu siku 90 za kwanza kuandikisha mutoto ku komini hakulipishwi.

Miezi tisa inaonekana mirefu, lakini usiku wa kuzaa unakuja bila kubisha hodi. Nyumba yenye mimba ya miezi saba leo ingali na wakati wa kujibu maswali mane: tutaenda wapi, nani atabeba, nani atalipa, na nani atasema "twende" kama baba hayuko.